Shati kwenye Injini

Jua lilikuwa linazama shangazi aliponituma kwenye stima nikasugue shaba za chumba cha injini. Kesho yake wangezindua kibao chenye jina la babu, fundi mkuu wa zile stima za magurudumu ya kupigia maji, zilizovusha watu mto kabla ya daraja. Imebaki hiyo moja, imefungwa gatini, watu huja kuitazama.

"Zing'ae. Usinitie aibu," alisema. Nami wiki nzima nilikuwa natamba mtaani, mjukuu wa fundi, utadhani injini niliiunda mimi.

Nilikuta shati limetundikwa kwenye mkono wa kuwashia injini. Limelowa chapachapa.

Desturi ya mabaharia wa stima naijua. Baharia akiingia ndani ya gurudumu kuondoa magugu, alitundika shati lake pale. Likiwapo, hakuna kugusa injini. Nikajiambia, huyu ni mpaka rangi tu, kasahau nguo yake. Nikalitoa, nikalitupa kwenye benchi.

Harufu ya mafuta ya moto ikanijaa puani. Tanuri la stima halijawashwa tangu kabla sijazaliwa...

Chwaa... chwaa...

Gurudumu lilikuwa linazunguka.

Nyuma ya ukuta wa mbao mtu akanong'ona, pumzi zikimwishia. "Fundi... nani katoa shati?"

Shati lilikuwa palepale benchini. Ningenyoosha mkono tu, ningelirudisha. Mdomo ukanitangulia.

"Si mimi."

Kitu kikavunjika mle ndani. Polepole. Gurudumu likasimama.

Nilifika nyumbani, nikamweleza shangazi yote. Hakuuliza ni nani. Aliuliza, "Ulimjibuje?"

"Nilisema si mimi."

Akajifunika uso kwa mtandio. "Baba, huyo babu yako, naye aliwaambia hivyo hivyo. Wakamwamini. Baharia aliyefia ndani ya gurudumu wakamwita mzembe, eti hakutundika shati. Kumbe baba alilitoa mwenyewe, akalileta hapa, kalificha ndani ya koti. Nililichoma mimi, kwa mikono yangu."

"Tuwaambie kesho, shangazi?"

"Waambie wewe."

Kesho yake nikapewa nafasi ya kusema. Nikamsifu babu, tena kwa madaha. Kibao kikafunuliwa, na papo hapo ndani ya gurudumu kukaanza kugongwa.

Ngo... ngo... ngo...

Wageni wakatazamana. Uso uliniwaka kwa aibu, lakini nikaanza kupiga makofi, nao wakafuata. Nilipiga kwa nguvu kuliko wote, nisimsikie.