Kumbukumbu Iliyokataa Kutoka

"Abee!" mtangazaji Zuwena aliitika kutoka studio. Akavua hedifoni, akachungulia chumba cha mitambo. "Umeniita, dada Khuloud?"

Khuloud, fundi mitambo, hakuwa amemwita. Tangu adhuhuri alikuwa amejikunyata kwenye ubaridi wa kiyoyozi, macho kwenye skrini.

"Sijakuita, mdogo wangu. Hata mdomo sijafungua."

"Nimekusikia humu masikioni. 'Zuwena, we Zuwena.' Sauti yako kabisa."

Redio yenyewe ilikuwa ndogo, imepanga nyumba ya kale huko Raskazone, kando ya bahari. Vipindi vyote vilirushwa na mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na mwili wake, inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Asubuhi ile mashine hiyo ilikuwa imezidiwa, matangazo yakawa yanakatika. Meneja, Bwana Humaid, hakutaka izimwe hata kidogo, kwani siku ile walikuwa wanarusha Maulidi moja kwa moja. Basi Khuloud akaiongezea kumbukumbu, ile nafasi ya kuwekea kazi za papo hapo, hivyo hivyo ikiwa kazini.

Akajipa moyo kuwa ni hitilafu tu. Kadi ya sauti huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu, haipitii kwa prosesa, ubongo wa kompyuta, wala haiombi ruhusa. Isipojulishwa kuwa nafasi imeongezwa, huandika pasipo pake, na sauti iliyokwisha kupita ikaibuka tena. Asubuhi alijaribu kipaza sauti kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Huenda ndiyo hiyo iliyorudi.

Lakini jina la Zuwena hakulitaja.

"Ikikuita tena usiitike," alimwambia, "mpaka unione uso wangu."

"Usinitishe, dada." Zuwena alijaribu kucheka. "Bibi yangu alikuwa akisema, ukiitwa na usiyemwona ukaitika, umempa njia." Akarudi studio, na mlango akauacha wazi.

Khuloud akaifungua ile sehemu mpya ya kumbukumbu aitazame. Ilipaswa kuwa tupu, maana hakuipangia kazi yoyote. Ilikuwa imejaa pomoni. Hapo ndipo alipoisikia harufu: udi kwanza, udi mzuri wa harusini, na chini yake mwani uliooza. Akaamuru kumbukumbu ile iondolewe. Jibu likaja papo hapo: haiwezi kuondolewa, inatumika. Akauliza inatumiwa na nini. Skrini haikuandika kitu.

Spika ya ukutani, iliyokuwa ikitoa dufu na kaswida, ikanyamaza. Kisha ikavuta pumzi.

"Zuwena," ikasema, kwa sauti ya Khuloud.

Na kutoka studio, taratibu, kama mtoto anayeitwa kula, Zuwena akajibu, "Abee."

Khuloud akakurupuka, kiti kikaanguka nyuma yake, akamkuta mwenzake amekaa wima mbele ya kipaza sauti, macho wazi yasiyopepesa, mate yakimchuruzika kidevuni, akiitika abee, abee, nakuja, abee, na kila akiitika ile sauti ya spikani ilizidi kushuka na kulainika, ikimbembeleza kwa maneno ambayo Khuloud hajapata kumwambia mtu, na mikono ya yule msichana alipoishika ilikuwa baridi na imelowa, na ilinuka pwani.

Bwana Humaid alifika mlangoni, akaganda. "Astaghfirullah," akanong'ona. "Watu wanasikia haya?"

"Wanasikia. Nazima mtambo."

"Khuloud, Maulidi bado—"

"Bwana Humaid, msomee huyu mtoto. Mimi nazima."

Akarudi chumba cha mitambo huku akisoma Ayatul Kursiyyu, akikosea, akianza upya, akikosea tena, na sauti yake mwenyewe kutoka ukutani ikimfuatisha neno kwa neno, ikisahihisha pale alipokosea, mpaka akapiga magoti nyuma ya kabati la mitambo, akapapasa, akaushika waya wa umeme kwa mikono miwili, akaung'oa.

Kimya. Taa zote za mtambo zikafa. Kule studio, Zuwena akaangua kilio na kuomba maji.

Maalim Sabiri aliitwa kutoka msikiti wa jirani. Alimsomea Zuwena mpaka rangi ikamrudi usoni, akampa maji ya kombe, yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini. Kisha akamvuta Khuloud kando.

"Ameachwa," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini ameachwa upesi mno, mwanangu. Mimi sikupambana na kitu. Nimekuta ameshaondoka."

"Si vizuri hivyo, maalim?"

"Jini hafukuzwi kwa kung'oa waya. Huondoka hivyo aliyekwisha kupata pengine."

Bwana Humaid alifunga ofisi, redio ikabaki bila matangazo. Khuloud alipanda bodaboda kwenda kwao Ngamiani, na adhana ya magharibi ikamkuta anavua viatu barazani. Mama yake, Bi Fakhria, alikuwa jikoni, amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, redio yake ya betri ikiwa rafuni.

"Shikamoo, mama."

Bi Fakhria hakuitikia. Aliinua uso, akamtazama kwa mshangao.

"Redioni leo kulikuwa na matatizo, mama. Tumezima mtambo."

"Mmezima?" Mama akatabasamu, tabasamu la adabu analompa mgeni. "Mbona mwanangu nasema naye tangu alasiri? Ananiita, namwitika. Ananihadithia habari zake zote."

Khuloud akaitazama redio. Ilikuwa ikikoroma tu, mkoromo wa masafa yasiyo na kituo. Jikoni kulinuka udi, na nyumba yao haikuwa na udi. Akanyoosha mkono kuizima, na mkoromo ukakatika kabla hajaigusa.

"Mama," ikaita redio, kwa sauti ya Khuloud.

"Bee, mwanangu!" Bi Fakhria aliitika kwa furaha, uso umeng'aa. Kisha akamgeukia msichana aliyesimama mbele yake, akakishika chano cha nazi kifuani kwa woga.

"Na wewe," akamuuliza, "ni nani?"