Kura ya Mwingine

Waliokaa mezani walikuwa saba, na ukuta ulisema kura nane.

Mwanzoni hakuna aliyeogopa. Ilikuwa saa tisa mchana, jua limejaa dirishani, tanuri limezimwa, na chumba kile cha mikutano juu ya kiwanda cha mikate kilinukia mkate kama siku zote. Swali lenyewe lilikuwa dogo: rafu za dukani zipakwe rangi nyeupe? Ndiyo, tano. Hapana, tatu.

"Tano na tatu ni nane," alisema Mama Kaunta, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza dukani, na hesabu alizifanya kwa macho tu. "Kwani sisi hapa wangapi?"

"Saba," alijibu Bwana Stoo, mtunza unga na funguo. "Labda wewe umehesabiwa mara mbili. Kwa mwili huo, mashine isilaumiwe."

"Mwone! Na wewe ulivyo ukuti, mashine haijakuona kabisa."

Wakacheka. Katibu hakucheka. Aliinama chini ya meza, akalifungua sanduku la rimoti za kupigia kura. Zilikuwa nane, saba alikuwa amezigawa kwa mkono wake mwenyewe. Ya nane ilikuwa imelala peke yake. Alipoigusa aliikuta ina joto, na joto lile lilikuwa la kiganja cha mtu. Alipounusa mkono wake, ulinuka udongo mbichi, udongo wa shimo lililochimbwa leo.

Akalifunga sanduku, akanyamaza. Alikuwa na sababu ya kunyamaza.

Kiwanda kile kilikuwa cha ushirika wa hao saba waliofanya kazi humo. Kwa miaka mingi walikuwa wakiamua mambo yao kwa kunyoosha mikono, na mkono ulionyooshwa una macho yanayouona. Mama Kaunta na Bwana Stoo waliwahi kunyimana salamu miezi miwili kwa ajili ya mkono mmoja. Ndipo Mwenyekiti, mama mtaratibu asiyependa kelele, alipomwita fundi wa kompyuta kutoka nje akaleta mashine ya kura ya siri: kila mtu na rimoti yake, moja Ndiyo, mbili Hapana, Katibu anaandika swali kwenye kompyuta, na projekta inaonyesha ukutani swali na jumla. "Rimoti hazina majina," fundi alisema kwa fahari. "Hata mimi siwezi kujua nani kabonyeza nini."

Siku ya kuamua kama mashine ipokelewe au irudishwe, mvua ilinyesha tangu alfajiri, na waliofika walikuwa wanne. Katiba yao ilitaka watano ili akidi itimie, na fundi alikuwa anaondoka siku hiyo hiyo. "Wa tano yuko chini, anakung'uta mwavuli," alisema Katibu, akachukua rimoti mbili, akabonyeza kwa mikono yote miwili.

Jioni, alipoandika muhtasari, kalamu ilikwama kwenye mstari wa tano. Alikuwa mtu wa miaka sitini aliyeyaheshimu majina kuliko vyeo. Jina la mtu aliliandika lote, lake na la baba na la babu, bila kukosea herufi, na Dereva wa gari la mikate alimtania kwa hilo akamwita Bwana Nukta. Kuandika jina la mtu ambaye hakuwepo kungekuwa kughushi, na hilo hakuliweza. Kuuacha mstari wazi kungeivunja akidi. Basi, kwa mwandiko wake ulionyooka, akaandika: *5. Mwingine.*

Na leo hii, kabla ya habari ya rafu, alikuwa ameusoma muhtasari huo kwa haraka. Akauliza kama kuna masahihisho. Hakuna. Mwenyekiti akatia saini, na hivyo Mwingine akathibitishwa.

Katibu alikuwa bado ameinama pale kwenye sanduku, mikono mbali na kompyuta, aliposikia vicheko vinakatika. Akainua kichwa. Swali la rafu lilikuwa limefutika ukutani, na mahali pake pameandikwa:

*DEREVA ABAKI?*

"Nani kaniandika huko juu?" Dereva aliuliza, huku anacheka. "Bwana Nukta, ni wewe? Hiyo alama ya kuuliza umeitoa wapi? Weka nukta yako hapo, mambo yaishe."

"Siyo mimi," Katibu alisema.

"Haya, pigeni kura basi, nijue wanaonipenda."

Dereva alikuwa na ulimi mkali, na hapakuwa na mtu pale mezani ambaye hana kijikovu chake. Walibonyeza huku wanatabasamu, mikono imefichwa mapajani. Katibu naye alibonyeza, na alichobonyeza hakumwambia mtu. Kisha chini ya meza, ndani ya sanduku lililofungwa, alisikia sauti ndogo ya kitufe: *tk.*

Ndiyo, tatu. Hapana, tano.

"Nimefukuzwa na ukuta!" Dereva alisema, akavaa kofia yake, akateremka ngazi anapiga mluzi.

Kesho yake asubuhi mikate ilipangwa kwenye makreti, mlango umeachwa wazi, na Dereva hakuingia. Walimsikia nje, anatembea anazunguka jengo, mara ya kwanza, mara ya pili.

"Jamani, mlango mmeuziba lini?" aliita.

"Acha mizaha, mikate inapoa," alisema Mama Kaunta kutoka kizingitini. Alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake.

"Mama Kaunta, sauti yako naisikia. Uko wapi? Mimi naona ukuta tu."

Mkandaji, dada mdogo wa Katibu, aliyekuwa akikanda unga tangu alfajiri, alitoka nje na unga mikononi, akamshika mkono amwingize kama mtu anavyomwingiza kipofu. Yeye alipita. Mkono wa Dereva, pale kizingitini, ulisimama, na alipouvuta kwa nguvu vidole vya Dereva vilichubuka hewani, vikatoka damu na vumbi jekundu la tofali. Jioni mkewe Dereva alileta habari kwamba na nyumbani kwake alikuwa amezunguka hivyo hivyo, watoto wanamwita dirishani, mpaka akaenda kujilaza ndani ya gari.

Bwana Stoo alizikusanya rimoti zote nane, akazifungia stoo, akautia ufunguo mfukoni. Katibu aliichomoa projekta kwenye umeme. Na Mwenyekiti akaenda kumleta shangazi yake, mwanamke mfupi, mkavu, aliyetibu watu wenye majini kwa miaka arobaini na asiyependa kupotezewa wakati.

Shangazi alifika kesho yake mchana. Alipanda ngazi, akasimama mlangoni, akavuta hewa kwa pua. Siku hiyo hata wao waliisikia harufu: chini ya harufu ya mkate, udongo.

"Mlimwita kwa jina gani?" aliuliza.

Walitazamana.

"Shangazi, hatukumwita mtu," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini.

"Jini halikai mezani bila jina. Kuna aliyempa hilo jina. Huyo atalifuta kwa kinywa chake mwenyewe, mbele yenu." Akaketi. "Na mliniambia aliyetolewa ametolewa kwa kura tano. Huyo jini ana moja tu, kama kila mtu. Basi nne ni zenu."

Hakuna aliyemtazama mwenzake.

"Mimi siulizi ili mgombane," Shangazi alisema. "Nyinyi mmeweka mahali ambapo mtu anafanya jambo na jambo halina mwenyewe. Hapo ndipo anapokaa. Kila mmoja aichukue kura aliyompigia Dereva, aseme ni yangu, kwa jina lake kamili. Saba zikipata wenyewe, ya nane itabaki uchi, na yeye atatoka nayo. Ikibaki hata moja yenu haina mtu, ataishikilia hiyo, na hatoki."

Kabla hajamaliza kusema, projekta, ambayo waya wake ulikuwa umelala sakafuni kama mkia wa panya aliyekufa, iliwaka, na kila mmoja alipoyatoa macho ukutani kutazama meza aliikuta rimoti mbele yake, imepangwa sawasawa kama vijiko vya wageni, na Bwana Stoo akajipapasa mfuko, akautoa ufunguo, akawaonyesha wenzake.

*MKANDAJI ABAKI?*

*Kura zilizopokelewa: 7. Matokeo baada ya dakika tano.*

Waliobaki mezani walikuwa sita. Hakuna aliyekumbuka kubonyeza. Kila mmoja alikitazama kidole gumba chake.

"Kaka," alisema Mkandaji. Alikuwa na watoto wawili chini, wanamsubiri dukani. "Kaka, nimewakosea nini?"

Katibu alisimama. Akasema habari ya mvua, na mwavuli usiokuwepo, na rimoti mbili, na mstari wa tano, akasema, "Nililiandika mimi. Mwingine si mjumbe, hakuwa mjumbe, jina hilo nalifuta," na alipoukata kwa wino mstari ule wa muhtasari kitu kilipumua nyuma ya kiti chake, pumzi ndefu yenye baridi ya shimo, na saa iliyokuwa ikihesabu zile dakika tano ukutani ikaendelea.

"Sasa kura," Shangazi alinong'ona. "Upesi."

Fundi wa tanuri, mtu asiyesema sana, alitaja jina lake, la baba na la babu. "Ndiyo," alisema. "Nilitaka Dereva abaki."

Bwana Stoo akataja lake. "Hapana. Alisema nina mikono ya panya."

Mama Kaunta: "Hapana. Nilidhani ni mchezo. Uongo, sikudhani."

Mkandaji alilia. "Hapana. Alinicheka siku nilipounguza mikate."

Mwenyekiti alizitazama kucha zake. "Hapana," alisema, akataja majina yake matatu kama anayeyasoma kaburini.

Wakamwita kupitia dirishani Dereva, aliyekuwa ndani ya gari lake nje ya kiwanda, naye akajibu kwa hasira kutoka chini, "Mimi nilijipigia Ndiyo, hamnazo nyie!" akataja jina lake.

Sasa amebaki Katibu, na dakika moja. Naye, hata katika hofu ile, alikuwa mtu wa hesabu zilizonyooka, na aliona kwamba Hapana za binadamu zimekwisha kuwa nne, kama alivyosema Shangazi, na ya tano ni ya yule anayepumua nyuma yake. Hesabu imefunga bila yeye, kama akidi ilivyowahi kufunga, na hapatakuwa na mtu duniani wa kujua.

Akataja jina lake kamili. "Ndiyo," alisema.

Saa haikusimama. Sekunde arobaini. Harufu ya udongo ilijaa chumba mpaka ya mkate ikafa, na rimoti ya nane ikaanza kugonga mezani peke yake, *tk, tk, tk*, na Mkandaji akainuka kama aliyeitwa na wanawe, akaenda mpaka mlango uliokuwa wazi mbele yake, jua la ngazini limempiga usoni, akauinua mkono wake wenye unga, akaanza kupapasa hewa kwa taratibu, juu, chini, kushoto, kama mtu anayetafuta ufa kwenye tofali.

"Kaka," alisema, "mlango ulikuwa wapi?"

"Mbili!" Katibu alipiga kelele. "Nilibonyeza mbili! Hapana ni yangu! Alinifanyia mzaha na nikataka asiwepo, nilitaka kwa moyo wangu wote, ni yangu mimi!" Na akarudia jina lake, na la baba, na la babu, mpaka sauti ikamkauka.

Ukuta ukazimika.

Walisikia nyayo. Zilitoka nyuma ya kiti cha Katibu, peku, bila haraka, zikampita Mkandaji, zikashuka ngazi moja baada ya nyingine. Harufu ilizifuata. Kisha Dereva akapiga kelele huko chini.

"Nani huyu aliyetoka? Jamani, nani huyu? Amenishika bega!" Halafu: "Mlango! Naona mlango!"

Mkandaji alikuwa amekwisha teremka mbio kwa wanawe. Wengine wakamfuata wanasukumana, Shangazi mwisho, anajifuta uso kwa kanga. Katibu alibaki juu, kwa sababu muhtasari wa kikao huandikwa mambo yakiwa bado moto, na safari hii aliapa kila kitu kitakuwa na mwenyewe.

Aliandika: Hapana, tano. Akaandika majina chini yake, yote kamili. Bwana Stoo. Mama Kaunta. Mkandaji. Mwenyekiti. Yeye. Akahesabu, akakuta watano.

Akahesabu tena kwa ncha ya kalamu. Wote watano walikuwa watu.

Akaandika: Ndiyo, tatu. Fundi wa tanuri. Dereva. Na mstari wa tatu ukabaki, na katika nane hapakuwa na kura nyingine iliyobaki, wala mtu mwingine wa kuipiga. Yule aliyekaa nao siku zote hizo hakufanya zaidi ya kuuliza, na alipoulizwa yeye, alisema Dereva abaki.

Chini walikuwa wamemzunguka Dereva. Katibu aliwasikia, sauti tano zimejaa huruma, wanamshika mikono, wanamuuliza kama amekula, kama amelala, nani alikuwa na moyo wa kumfanyia hivi. Alifika hadi kichwa cha ngazi. Mlango ulikuwa wazi, jua linaingia, hewa safi inanukia mkate. Akashika ukuta kwa mikono miwili, akashindwa kushuka.