Kompyuta ya Kijivu

Kila alipotoka shule, Euphrasia aliweka mkoba wake chini ya meza na kumsaidia mama yake dukani. Duka lao la kuchapa lilikuwa karibu na stendi ya Shinyanga, nalo lilitegemea taipureta moja iliyochoka. Herufi ya "a" ilikuwa haigongi tena. Hebu jaribu kuandika Kiswahili bila "a"!

Mwaka huo wa 1999, Mwalimu Donatus, mratibu wa elimu wa kata, alitafuta mtu wa kuchapa mitihani ya majaribio ya darasa la saba. "Nampa kazi mwenye kompyuta," alisema, "lakini akinichelewesha, haipati tena."

Mama Euphrasia alitoa akiba yake yote. Kama angekosea kuchagua, duka lingefungwa.

Dukani kwa Bwana Tanvir walikuta kompyuta mbili za mpakato, zote zimeshatumika. Moja ilikuwa nyeusi, nyembamba, inang'aa, na ilipowashwa ilipiga muziki. Nyingine ilikuwa ya kijivu, nzito, imechubuka pembeni.

"Mama, nyeusi!" Euphrasia alirukaruka. Tena alikuwa ameshawatambia wenzake darasani kwamba yao itakuwa nzuri kuliko zote mjini.

Mama alicheka. "Babu yako kule Solwa hanunui ng'ombe wa kulimia kwa kumtazama zizini. Humfunga jembe kwanza, alime akimwona. Bwana Tanvir, tunaomba tuzichomoe kwenye umeme, tuzifanyishe kazi."

"Karibuni, Mama Euphrasia. Viti hivyo hapo," Bwana Tanvir alijibu.

Euphrasia alianza na nyeusi. Alichapa nusu ukurasa, kitufe kimoja kikanasa. Akakibandua, akaendelea. Kabla ya robo saa kwisha, kioo kikazima kabisa. Akahamia ya kijivu. Alichapa hadithi tatu nzima za kitabu chake cha Kiswahili mpaka vidole vikamuuma. Saa mbili zikapita, na bado ilikuwa inawaka.

"Betri ya nyeusi imekufa, na mpya sina," Bwana Tanvir alikiri kwa aibu. "Ya kijivu nina betri yake ya akiba, na vipuri vyake napata Mwanza."

"Haya, chagua wewe," mama alimwambia binti yake.

Euphrasia aliitazama nyeusi kwa uchungu. Wenzake wangemcheka. "Tuchukue ya kijivu," alisema. Mama akailipia pamoja na betri ya akiba na printa ndogo.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, mitihani ya Mwalimu Donatus ikiwa mezani, umeme ulikatika mji mzima. Wenye kompyuta kubwa zisizo na betri walifunga milango. Mama na Euphrasia walipokezana kuchapa, wakabadili betri mara moja, wakahifadhi kila mtihani kwenye disketi. Umeme uliporudi saa kumi jioni, kazi iliyobaki ilikuwa kuwasha printa tu. Karatasi zikamiminika!

Mwalimu Donatus alipofika, alikuta mafungu yamepangwa tayari.

"Jamani! Na umeme ulivyokuwa leo?" alishangaa. "Nani alichagua mashine hii?"

"Huyu hapa. Alizijaribu mbili kwanza, bila umeme," mama alijibu.

Mwalimu alimpa Euphrasia mkono kama anavyompa mtu mzima. "Hongera, binti. Kitu cha kazi kipime kwa kazi kabla hujatoa pesa. Ukichagua kwa uzuri tu, utafurahi siku moja na kujuta mwaka mzima. Mama Euphrasia, kuanzia leo mitihani yote ya kata italetwa hapa."

Mama alipiga vigelegele mpaka abiria wa stendi wakageuka. Euphrasia naye akapiga vyake, kwa sauti kubwa kuliko mama.