Kikohozi Ndani ya Pipa

Asubuhi ya Jumamosi, juu ya chai ya Mzee Spana palielea duara dogo la mafuta, lenye rangi ya zambarau na kijani, si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Alilipuliza likasogea ukingoni, kisha likarudi katikati lenyewe.

"Mama watoto, sufuria hii umeiosha na nini?"

"Na sabuni, mume wangu. Kwani nani kakwambia siku hizi naosha vyombo kwa mate?"

Binti yao, aliyekuja kujifungulia kwa wazazi wake na sasa alikuwa na mtoto wa siku kumi na mbili, alicheka kutoka chumbani. Mzee Spana hakucheka. Alinusa kikombe. Pua yake ilikuwa imefanya kazi karakana ya ndege za jeshi miaka ishirini na sita, na harufu ile haikuhitaji kuulizwa jina. Alikimwaga kikombe mlangoni, akasema hana hamu ya chai.

Sababu ya kukosa hamu alikuwa nayo. Jana yake, saa nne asubuhi, ndege ya rubani kijana aliyeitwa Mwewe ilipaa kwenda vitani, ikakohoa mara mbili juu ya kambi, ikanyamaza, ikaangukia kilima cha kokoto nyuma ya stoo. Kilichozikwa kilitosha kwenye mfuko mmoja.

Ipo kazi moja ndogo ambayo fundi wa ndege huifanya kila alfajiri. Hulala chali chini ya bawa, hufungua koki ya tangi, hukinga mafuta kidogo kwenye chupa ya kioo na kuiinua kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko mafuta; kama yameingia, hutuama chini ya chupa kama chozi. Kisha fundi hutia sahihi kwenye daftari. Lakini vita viliingia mwaka wa pili, ndege zikawa zinatoka mara tatu kwa siku, na mafundi wakajifunza kutia sahihi za wiki nzima siku ya Jumatatu. Alhamisi mvua ilinyesha usiku kucha juu ya mapipa ya mafuta yaliyosimama nje bila turubai. Ijumaa, Mwewe akiwa na mguu mmoja kwenye ngazi, aligeuka akauliza kama alivyouliza kila siku:

"Mzee, umeangalia?"

"Nimeangalia, baba. Panda."

Hakuwa ameangalia.

Jumatatu Mkaguzi wa ajali, mtu mnene wa tabasamu la taratibu, alimpa karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Ilisema kwamba fundi aliyakagua mafuta akayaona safi, na kwamba rubani alipopanda alikuwa ananuka pombe.

"Mwewe hakuwa akinywa, afande."

"Sasa hawezi tena kuyabishia hayo. Itie sahihi, unirudishie Jumamosi."

Habari haina miguu lakini hufika. Kabla ya Jumanne jioni mji mzima ulijua kwamba Mwewe alianguka kwa ulevi. Mama yake alibaki na mkeka mtupu. Waliokuja kumpa pole walikuja mmoja mmoja, wakaondoka bila kukaa.

Nyumbani kwa Mzee Spana, maji yote yalikuwa yameharibika. Bomba la jirani lilitoa maji safi, lakini ndoo ikivuka kizingiti cha Mzee Spana tu, utando wa rangi ulitanda juu. Wali ulinuka mafuta ya ndege. Katika uji wa mzazi mkewe aliopoa unywele ulioungua, uliojikunja. Kisha, siku ya pili, kitu chembamba cheupe alichokitazama kwa muda mrefu kabla ya kukitupa na kwenda kutapika uani. Ulikuwa ukucha. Hata kazini, glasi ikifika mdomoni mwa Mzee Spana, maji yalikuwa yamekwisha kugeuka. Akawa anayameza kwa kuziba pua, kwa kuwa mtu hawezi kuishi bila maji.

Na kila siku, saa nne barabara, jua likiwa limewaka na watoto wakicheza nje, pipa la maji lililokuwa pembeni mwa jiko lilikohoa. Mara mbili. Halafu kimya.

"Umesikia?" mkewe alinong'ona siku ya Jumapili.

"Ni bati hilo, linapanuka kwa joto."

"Baba watoto, hilo pipa ni la plastiki."

Jumatano aliomba ruhusa, akakaa jikoni akilisubiri. Ilipofika saa nne pipa lilikohoa mara ya kwanza, kikohozi kikavu cha injini inayotafuta pumzi, naye akasimama, akafunua kifuniko, akaona maji yametulia tuli na uso wake mwenyewe ukimtazama, na kwa kuwa woga ukizidi huwa kama ujasiri akatumbukiza mkono hadi begani ili amkamate aliyekuwa anakohoa humo, akapapasa huku na huku bila kugusa chochote, na kikohozi cha pili kikatoka katikati ya vidole vyake, cha moto, kama mtu aliyekipulizia kiganja, akauvuta mkono kwa ukelele, na mkono ukatoka umevikwa toka bega hadi kucha utando laini wa rangi ya kahawia, wenye vinyweleo na mikunjo ya viwiko, uliombana kama soksi iliyolowa, akawa anaukwangua kwa kisu cha jikoni vipande vipande na kila kipande kikianguka sakafuni kinanuka nyama iliyosahauliwa motoni, hadi mkewe alipoingia na kumkuta anakwangua ngozi yake mwenyewe na damu inachuruzika.

"Mtoto amekataa ziwa," mkewe alisema, kama mtu asiyeona damu. "Toka jana. Nimeyaonja maziwa ya mwanao. Yananuka hayohayo."

Alhamisi wakamwita mganga. Alikuwa mama mmoja mfupi, mshonaji nguo, aliyekuja na pini zimechomekwa kifuani kwa kuwa alikuwa ameacha gauni la watu katikati. Alifunua pipa, akanusa, akakimbilia uani kutapika. Alirudi akijifuta mdomo kwa kanga.

"Miaka yote nafukuza majini, hili ni la kwanza kunitapisha. Nani amekufa?"

Mzee Spana akamweleza habari za Mwewe, akiliruka lile swali kwenye ngazi.

"Kila mtu huzaliwa na jini lake, mwenzake wa siku zote," mganga alisema. "Bwana wake akifa na kuzikwa vizuri, huenda zake. Hili la kwenu bwana wake kafa, na jina la bwana huyo linapakwa kinyesi. Jini halina pa kwenda."

"Linataka nini? Kuku? Mbuzi?"

"Lingetaka kuku ningesema lete kuku, na mimi ningekula paja. Babu, ulimwambia nini kijana wa watu?"

Mkewe alimgeukia. Binti alisimama mlangoni na mtoto begani, mtoto aliyekuwa hana tena nguvu ya kulia, midomo yake imekauka kama karatasi.

"Aliniuliza kama nimeangalia mafuta," alisema Mzee Spana. "Nikamwambia nimeangalia."

Mkewe alisogeza kiti chake, mara moja, umbali wa mkono.

Ijumaa asubuhi alimpelekea Mkaguzi ile karatasi bila sahihi, akamweleza yote: chupa, mvua, sahihi za Jumatatu. Mkaguzi alimsikiliza mpaka mwisho, akapiga miayo.

"Fundi, mwaka huu nimekagua ndege kumi na moja. Wewe ni wa saba kuja kunililia hapo uliposimama. Mmoja alisahau skrubu, mwingine alifunga waya kinyume. Ripoti zote zinasema kosa la rubani. Unajua kwa nini? Rubani huwa amekufa, na nyinyi nawahitaji kesho."

"Afande, nyumbani kwangu maji—"

"Yananuka. Najua."

Alimimina glasi ya maji kutoka kwenye jagi la mezani. Utando wa zambarau ulizunguka juu yake, na kitu kilichofanana na ukope kilikuwa kinaelea. Mkaguzi aliyanywa yote kwa mkupuo mmoja, akafuta midomo yake minene.

"Mwanzo unatapika. Baadaye unazoea. Kalamu hii hapa."

Mzee Spana aliitazama kalamu, akaitazama midomo ile inayong'aa mafuta. Alitoka. Nyuma yake alisikia Mkaguzi akiita askari wa zamu, bila haraka.

Alipitia nyumbani, akawachukua mkewe na binti na mtoto, wakaenda moja kwa moja kwa mama yake Mwewe. Walimkuta ameketi mlangoni kwenye mkeka wake, kata ya maji mkononi, majirani wakichungulia kutoka vibarazani mwao.

"Mama," alisema Mzee Spana, "mwanao hakuwa amelewa. Aliniuliza kama nimeangalia mafuta. Nikamwambia nimeangalia. Sikuangalia."

"Sema tena."

Akasema tena.

"Wale wa ng'ambo hawajasikia."

Akageukia barabara, akasema kwa sauti iliyompasua koo. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapepeta mchele aliweka ungo chini.

Mama alipiga funda kubwa la maji kutoka kwenye kata, akasimama, akamsogelea, akamtemea yote usoni.

Yalimchuruzika kwenye nyusi, puani, masharubuni. Yalimfikia midomoni. Yalikuwa maji, vuguvugu, ya kinywa cha mtu, bila harufu yoyote. Nyuma yake mtoto alianza kulia, kilio kikali cha njaa, na binti yake akaketi palepale vumbini akamtolea ziwa, na kilio kikakatika ghafla kwa sauti ya kunyonya. Mwisho wa barabara gari la jeshi lilikuwa linakata kona. Mzee Spana hakuligeukia. Alikuwa ametoa ulimi, anayalamba yale maji kwenye masharubu yake, tone baada ya tone.

"Mtazameni," mama aliwaambia majirani, akigeuza uso. "Anayanywa."