Sanduku la Kioo la Fundi Saa

Madoa alikuwa mjusi mpole, anayekula nyenje mkononi mwa mtu bila wasiwasi. Lakini tangu ahamishiwe kwenye sanduku kubwa la kioo, alijibanza pembe ya kulia, mdomo wazi, akiikodolea macho pembe ya kushoto ambapo hapakuwa na kitu.

"Bado mgeni," alisema fundi saa, bwana wake. "Nyumba mpya humtia hofu hata mtu, sembuse mjusi."

Akamfanyia kila aliloweza. Alimmwagia mchanga wa sanduku la zamani ili asikie harufu yake mwenyewe, akamwekea kigae cha kujifichia, akafunika kioo pande tatu kwa kitambaa. Kila asubuhi aliinama pale, akanong'ona: "Karibu. Usiogope. Hapa ni kwako."

Mkewe, muuguzi, alisikia akacheka. Miaka yote ya ndoa, yeye hakuwahi kubembelezwa hivyo.

Kicheko kilimkauka mchana mmoja aliporudi kazini mapema, akakuta chumba cha kazi kimefungwa. Ndani mumewe alikuwa akinong'ona, na alipotua, mwanamke alicheka kidogo, kama anayezibwa mdomo. Mlango ulipofunguliwa, marashi yalimpiga muuguzi usoni, mazito, kama maua yaliyoozea majini.

"Nani alikuwa humu?"

"Nani tena? Mimi na Madoa."

"Madoa anajipulizia marashi siku hizi?"

Fundi alitazama pembeni. Mke akachungulia nyuma ya pazia, chini ya meza, hata ndani ya kabati la vipuri lisilotosha paka. Hakuona mtu. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, akajisemea, na tangu siku hiyo kila shati la mumewe lilinuswa kabla ya kufuliwa.

Saa za wateja zikalala mezani bila kuguswa. Fundi akakonda, akawa hatoki chumbani ila kwa kuitwa.

Ndipo muuguzi, akipangusa dirisha la chumba hicho, alipookota mkia wa Madoa. Ulikuwa nje ya sanduku, na mfuniko umefungwa vilevile. Mumewe alimwambia zamani kwamba mjusi huacha mkia akikamatwa na adui. Mkia ule ulikuwa umezungushiwa unywele mrefu mweusi, ukafungwa fundo zuri kama zawadi. Muuguzi mwenyewe alikuwa amenyoa nywele zake. Wivu wote ukamtoka, baridi ikamwingia.

Akamwita shangazi wa mumewe, mganga mwenye ulimi mkali, akamsimulia yote.

"Sanduku umelitoa wapi?" shangazi aliuliza, bado yuko kizingitini.

"Kwa mtu aliyekuwa anahama," fundi alijibu kwa sauti ndogo. "Hakusema alikuwa anafuga nini."

"Na wewe ukawa unakaribisha kila siku! Mjusi hajui maneno, mwanangu. Aliyeyajua amekusikia." Akamgeukia muuguzi. "Mtoe huyo mnyama kwanza."

Muuguzi akamrudisha Madoa kwenye sanduku lake la zamani, pamoja na nyenje ambao mjusi hakuwa amewagusa, akalikumbatia kifuani.

"Sasa mwambie atoke," shangazi akanong'ona. "Mara tatu, kwa kinywa chako."

Fundi akapiga magoti mbele ya kioo. "Toka," alisema, na machozi yakamtiririka kama mtu anayemwacha mke ampendaye. "Toka," akasema tena, na kioo kikaanza kufuka ukungu kwa ndani, na marashi yakajaa chumba mpaka shangazi akarudi nyuma akikohoa, na saa zote zilizolala mezani zikaanza kugonga kwa pamoja, na mgongo wa fundi ukanyooka polepole, na shingo yake ikageuka, ikapita kioo, ikampita shangazi, mpaka macho yake yakatua kwa mkewe.

"Toka," alisema mara ya tatu. Sauti ilikuwa ya kike.

Muuguzi hakuamua kutembea. Miguu ilimchukua yenyewe, ikamvusha kizingiti hadi uani kwenye jua, shangazi akimvuta mkono bila kumweza. Nyuma yao mlango ukafungwa, na komeo likasogezwa kwa ndani, taratibu, na mtu asiye na haraka.

"Fungua! Mwanangu, fungua!" Shangazi alipiga mlango kwa viganja viwili.

Muuguzi aliinamisha macho kwenye sanduku alilolikumbatia. Madoa alikuwa ametoka mafichoni, ametulia, anatafuna nyenje.