Gumba Nusu Kwenye Nta ya Buluu

"Chungwa limemenywa."

Sauti ilimfikia Torunn Skjelbred kupitia kidude kilichoshonwa ndani ya kofia yake ya sufu. Maneno mawili tu. Maana yake: mchukuzi amepanda treni.

Torunn alikimbia.

Kukimbia na skii mkononi ni kazi ya kichaa. Mbao mbili za kutelezea theluji, ndefu kukuzidi kimo, fimbo mbili, begi mgongoni, na ngazi za kituo cha Majorstuen zimejaa watu wenye mbao kama zako, kila mmoja akiamini kwamba za mwenzake ndizo zinazoziba njia. Ilikuwa Jumamosi ya Februari, saa nne kasoro robo asubuhi, digrii sita chini ya sifuri, na jua limewaka. Nusu ya Oslo ilikuwa inapanda mlimani. Nusu nyingine ilikuwa imeshapanda.

Milango ikaanza kujifunga.

Alitanguliza skii. Mlango ukaziuma, ukasita, ukaziachia.

"Nimo," alisema ndani ya skafu.

"Najua. Nimesikia watu wakiguna."

Aliyesema hayo alikuwa Eivind, mwongozaji wa operesheni, ameketi ndani ya gari jeupe nyuma ya kituo, ubavuni limeandikwa jina la fundi bomba asiyekuwepo duniani. Alikuwa pia mume wake, mwaka wa tisa sasa. Idara ya ujasusi ni ndogo. Mtu huoa anayemwona.

"Mtu wetu yuko wapi?"

"Behewa la mbele. Jaketi jekundu, skii nyeupe. Atashuka Holmenkollen. Shuka naye, lakini kabla ya hapo usimsogelee."

"Ana silaha?"

"Hana."

Torunn alinyoosha shingo. Jaketi jekundu lilikuwepo, limemgeuzia mgongo. Yeye mwenyewe alikuwa na bastola aina ya Heckler & Koch P30, ndani ya begi chini ya chupa ya chai na mkate wenye jibini ya kahawia, imevikwa soksi.

"Soksi umechukua ya nani?" Eivind aliuliza.

"Yako."

"Ile nzuri?"

"Ilikuwa nzuri."

Alimsikia akicheka kidogo puani. Kile kicheko alikuwa anaweza kukitofautisha hata katikati ya uwanja wa mpira.

Lakini siku hiyo haikuwa ya mzaha. Ndani ya skii za mchukuzi kulikuwa na kadi ndogo kuliko ukucha, na ndani ya kadi kulikuwa na majina kumi na saba. Watu wa ng'ambo ya mpaka wa kaskazini, walioisaidia Idara kwa miaka mingi: daktari wa meno, dereva wa treni ya mizigo na mkewe, mwalimu wa piano. Wanne kati yao Torunn aliwaingiza kazini mwenyewe. Alikula mezani kwao. Kadi ikimfikia mpokeaji, kabla ya Jumatatu hakuna hata mmoja wao atakayekuwa hai.

Mpango wa maadui ulikuwa rahisi hadi unaudhi. Mchukuzi angesimamisha skii zake nje ya mgahawa mlimani, pamoja na mia nyingine. Hakuna anayefunga skii zake kwa kufuli kule. Mtu angemaliza kahawa yake, atoke, achukue zisizo zake "kwa bahati mbaya", aende zake. Jambo hilo hutokea kila Jumamosi na watu huombana radhi.

Vituo vikapita. Vinderen. Slemdal. Behewa lilikuwa kimya kama kanisa siku ya Jumanne. Watu wamesimama wamekumbatia mbao zao, kila mtu anaangalia buti za mwenzake. Kwenye treni ile, humsemeshi usiyemjua. Ukimsalimia atadhani una shida.

Midtstuen, milango ikafunguka, na amani ikaisha.

Wakaingia watu wa sleji. Hawa huteremka mlima kwa makalio juu ya vibao vyao, wakifika chini hupanda treni kurudi juu, siku nzima, wamelowa, wanapiga kelele. Sleji ikamgonga kijana mmoja wa jaketi la kijivu aliyesimama hatua mbili kutoka kwa Torunn. Skii zake zikaanguka sakafuni, tumbo juu.

Mama mmoja mzee mwenye mashavu mekundu akaokota moja. Hakuirudisha. Aliigeuza kwenye mwanga, akasahau adabu zote za treni.

"Kijana, umepaka nini leo?"

"Samahani?"

"Nta! Umepaka nta gani?"

Kijana alimeza mate. "Ya... ya kawaida."

"Ya kawaida!" Mzee mwenye ndevu aligeuka mzima mzima. "Hakuna nta ya kawaida, bwana mdogo. Kuna ya leo na kuna ya jana."

"Na kuna ya wavivu," mtu alisema kutoka nyuma.

"Hiyo ndiyo yako, Halvor, tulikuona mwaka jana unateleza kinyumenyume!"

Behewa zima lilikuwa limeamka. Nta ya kupaka chini ya skii, inayobadilishwa kufuata theluji ya siku, ndiyo ruhusa ya kuzungumza. Ikitajwa nta, hata walionuniana kwa miaka ishirini hutoa maoni.

Mama alivua glavu, akapitisha kidole kwenye mbao. "Eh! Buluu. Tabaka tatu nyembamba, hata mkunjo hakuna. Hii ni kazi ya bingwa. Na wewe unasema hujui?"

"Nilipakiwa," alisema kijana.

"Na nani? Nipe namba yake, niachane na huyu wangu wa nyumbani."

Watu wakacheka. Torunn naye akacheka.

"Na tazameni, kamalizia kwa kidole! Siku hizi nani anamalizia kwa kidole?"

Torunn akatazama. Kicheko kikamfia mdomoni.

Karibu na kisigino, pale nta inapokoma, kulikuwa na alama tatu za kidole gumba. Fupi. Pana. Hazina ncha.

Nusu gumba.

Eivind aliacha ncha ya gumba lake la kushoto jeshini, kwenye baridi ya kaskazini, akiwa na miaka ishirini na mbili. Husema kizibo cha kusugulia nta hakina akili, kidole kina akili. Kila msimu, kila jozi, humalizia na lile gumba, mara tatu, karibu na kisigino.

Torunn aligeuza skii yake mwenyewe. Taratibu, kama anayepangusa maji.

Mara tatu. Fupi. Pana. Bila ncha.

"Umenyamaza," Eivind alisema sikioni. "Kuna nini?"

"Watu wa sleji," alisema. "Kelele tu."

Sauti haikumtetemeka. Ndiyo kazi aliyofundishwa. Akaigeuza skii yake tena, nta chini.

Basi mchukuzi wa kweli alikuwa huyu wa kijivu, na skii zake hazikuwa za kuteleza. Zilikuwa sanduku. Kijana yule hata kuzishika hakujua. Msaliti mwenye akili timamu angefukia kadi chini ya kishikizo cha buti, afunge skrubu, azitoe hivyo hivyo zikiwa tupu. Lakini Eivind alikuwa mtu wa hapa, wa damu na mfupa. Kutoa skii nje ya nyumba bila nta, asubuhi ya jua, theluji kavu kama unga? Mikono ilikataa. Aliweza kuuza watu kumi na saba, lakini hakuweza kumwacha mtu ateleze vibaya.

Torunn alikumbuka asubuhi. Alimwita Eivind kutoka juu, kahawa inapoa. Akajibu toka chini ya nyumba, "Dakika moja mpenzi, nazipaka zako." Alikaa dakika arobaini. Jozi moja haizidi kumi na tano.

Torunn alikuwa amekunywa kahawa peke yake akitabasamu, akidhani ni mapenzi.

Na labda yalikuwa mapenzi. Nusu yake.

"Holmenkollen inakuja," Eivind alisema. "Jaketi jekundu anajiandaa. Shuka."

Saa ya Garmin mkononi mwa Torunn ilikuwa inamwonyesha Eivind mahali mkewe alipo, hatua kwa hatua. Torunn aliifungua. Mtalii mmoja mwenye kamera alikuwa anasukumana kuelekea mlangoni akaone mnara wa kurukia kwa skii. Mfuko wa begi lake ulikuwa wazi.

Saa ikaingia. Mtalii akashuka. Jaketi jekundu, masikini asiye na habari ya lolote, akashuka pia.

"Nimeshuka," Torunn alisema, akakifunika kile kidude cha kofia kwa glavu ili kengele ya mlango isisikike.

"Nakuona. Vizuri sana."

Treni ikaondoka. Torunn akazima kipaza chake, akabaki kusikiliza tu.

Alitoa simu yake binafsi. Akamwandikia Ingvald, mkuu wa Idara: *Mvujishaji ni Eivind. Mzingireni kimya. Nitumieni watu Frognerseteren.* Akaweka kidole juu ya kitufe cha kutuma.

Voksenlia ikapita. Kidole kiko pale pale.

Skogen. Mama wa mashavu mekundu alikuwa anamfundisha kijana jinsi ya kufunga skii zake pamoja.

Voksenkollen. Sikioni, Eivind alikuwa anaimba kwa kunong'ona, kama afanyavyo akiosha vyombo. Hakujua kwamba redio yake iko wazi. Au alijua.

Mwalimu wa piano ana mapacha. Walimchorea Torunn paka.

Akatuma.

Frognerseteren ni mwisho wa reli. Watu walimwagika kwenye theluji. Kijana wa kijivu alitangulia, skii begani, kuelekea mgahawani. Torunn alimfuata hatua kumi nyuma. Nane. Tano.

Kijana akageuka.

Macho yakakutana. Mkono wake ukaingia ndani ya jaketi.

Torunn hakugusa bastola. Watu walikuwa wengi mno. Alizungusha skii zake kama mtu aliyeitwa kwa nyuma, na mbao zenye urefu wa mita mbili zikafagia magoti ya kijana. Akaenda chini kwa mgongo. Bastola ndogo nyeusi ikateleza kwenye barafu. Torunn akaikanyaga, akapiga goti juu ya kifua chake, akamfunga vifundo vya mikono kwa ule ule mkanda wa kufungia skii.

"Amevunjika?" mzee mwenye ndevu aliuliza kwa mbali.

"Kateleza tu," Torunn alijibu. "Hajazoea."

"Nilimwambia! Ya kawaida!"

Skrubu nne. Kishikizo kikatoka. Kadi ilikuwa pale, imekaa kwenye tone la nta.

Watu wawili wa Idara walifika kutoka maegesho. Mmoja akamchukua kijana. Mwingine akazisimamisha skii zile nje ya mgahawa, tupu, akaketi na kikombe kusubiri nani atazichukua kwa bahati mbaya. Hakumaliza kikombe: mpokeaji alikuja, naye akakamatwa papo hapo.

Torunn alikwenda nyuma ya ghala la kuni, akawasha kipaza.

"Eivind."

"Uko wapi wewe? Saa yako inazunguka mnara mara ya tatu."

"Inapigwa picha na mtalii. Mimi niko Frognerseteren."

Sikioni, kitu kiligonga meza.

"Ana bastola," Eivind alisema kwa haraka. "Torunn, yule ana bastola, usi—"

"Alikuwa nayo."

Alimsikia akivuta pumzi na kuishusha. Hakuuliza kuhusu kadi.

"Ndiyo maana nilitaka ushuke Holmenkollen," alisema.

"Tangu lini?"

"Kabla yako. Niliwapa karatasi moja tu, nilipokuwa kijana mjinga kule kaskazini. Waliniambia ni hiyo moja. Wakaihifadhi, wakawa wananionyesha kila mwaka."

"Miaka tisa tumelala kitanda kimoja."

"Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukuambia."

"Leo jua linawaka, Eivind."

Alicheka puani, kile kicheko. Kikakatika katikati.

"Umejuaje?"

"Umezipaka nta."

"Ningeziachaje tupu?" alisema Eivind. "Theluji kama hii."

"Mpumbavu wewe." Alimwambia kama anavyomwambia nyumbani, kwa sauti ile ile, na hapo ndipo machozi yalipompata.

"Za kwako nilizipaka kwanza."

"Najua."

Huko garini kulisikika hodi. Mara mbili, kavu.

"Ingvald," Eivind alisema. "Umemwita wewe."

"Mimi."

"Nipe dakika kumi, Torunn. Kuna mlango wa nyuma. Hutaniona tena."

Theluji ilidondoka kutoka tawini, ikatua bila sauti.

"Wako kumi na saba," Torunn alisema. "Na kuna wengine unaowajua ambao hatujawaandika popote. Fungua mlango, mpenzi."

Torunn alihesabu pumzi za Eivind. Nne. Tano. Kisha akasikia kiti kikisogezwa, kitasa, na sauti ya Eivind, tulivu, mbali na kipaza: "Ingia, Ingvald. Futa miguu." Vyombo vya masikioni viliwekwa mezani polepole, kwa uangalifu, kama kitu cha mtu mwingine.

Redio ikabaki na mvumo mtupu.

Baada ya dakika Ingvald alikuja hewani. Hakuwa mtu wa maneno. "Tunaye. Hajaleta shida. Anauliza kama utakuja."

"Hilo gari likae hapo lilipo. Nakuja na treni."

Dereva wa treni alikuwa anatembea kutoka kichwa kimoja cha treni kwenda cha pili, tayari kuteremka. Behewa lilikuwa tupu. Saa tano asubuhi hakuna anayeshuka mlimani. Alimwona mwanamke amekaa peke yake dirishani, skii kavu katikati ya magoti.

"Dada, treni hii inashuka."

"Najua."

"Siku kama hii? Umepanda mpaka juu, hata theluji hujaionja?"

"Kazi imeniita."

"Kazi Jumamosi!" Dereva alitikisa kichwa, akitabasamu. "Na mumeo hanuni?"

Torunn alivaa glavu, moja, kisha ya pili.

"Ndiye ninayekwenda kumsikiliza," alisema.

Milango ikajifunga.