Kinanda Kilichobatizwa Baharini

"Kavinya! Unakiua!"

Muli alishika kichwa kama mfiwa. Kavinya, fundi wa simu na redio mjini Voi, na mwanamke ambaye Muli alimpenda kuliko chapati za Krismasi, alikuwa amekifungua kinanda cha kwaya na sasa anakimiminia maji ya jerikeni bila huruma.

"Kimetoka kuzama, nawe unakizamisha tena?"

"Chumvi haitoki kwa maombi, Muli. Inatoka kwa maji safi. Nani alikizika kwenye mchele?"

"Mama Ndulu wa sauti ya kwanza. Alisema mchele unavuta maji."

"Maji yanaondoka, chumvi inabaki ikitafuna bodi ya umeme humo ndani. Kaa chini."

Akakaa. Msiba wenyewe ulitokea jana Mombasa, kwaya ikirekodi video. Muli, mpiga kinanda, alisimama na kinanda baharini, maji magotini, akiitabasamia kamera. Wimbi likaja bila kualikwa. Tabasamu likaenda upande wake, kinanda upande wake.

Simu ikalia. Ujumbe wa Josephat, mwalimu wa kwaya: "Muli, Jumapili kinanda kisipolia, utalia wewe."

"Sasa niambie ukweli," Kavinya alisema. "Wimbi lilipokipiga, kilikuwa kimewashwa? Kama kilikuwa na umeme, bodi imeungua, nisijisumbue. Kama hakikuwa nao, kitapona."

Muli akapiga hesabu. Kavinya alimpendea zile video za kwaya. "Vidole vya malaika," ndivyo alivyomwambia. Akisema ukweli, kinanda kitapona na mapenzi yatakufa.

"Kiliwashwa au hakikuwashwa?"

"Hakikuwa na betri."

"Ulizitoa?"

"Hazijawahi kuwamo. Kwa video zote. Kuna jamaa hupiga studio, mimi huwekwa mbele kwa sababu nina suti. Kavinya, hata noti ya do sijui iko wapi."

Kavinya akaweka jerikeni chini. Mabega yakaanza kutikisika. Muli akajua analia. Kumbe anacheka, hadi akashika meza asianguke.

"Muli wee! Ile video ya mlimani ulipunga mikono yote miwili na kinanda kikaendelea kulia. Ulidhani sina macho?"

"Ulijua? Na vidole vya malaika je?"

"Nilikuwa nakuchokoza useme mwenyewe. Udanganye kamera, sawa. Lakini ungenidanganya mimi leo, ungebeba hiki kinanda na mapenzi yako mwende."

Kinanda kikakaushwa kwa feni mpaka kikakauka kabisa. Jumamosi Kavinya akakiunganisha na umeme.

"Bonyeza."

Muli akabonyeza kwa kidole kimoja, macho amefumba. Kikalia kama mwanambuzi aliyepotelewa na mama, lakini kikalia! Muli akaruka, akagonga kichwa kwenye bati, akaendelea kucheka.

"Nifundishe, mpenzi. Nikijua wimbo mmoja tu, nakuja kwenu Mbololo na wazee."

"Leta kwanza mbuzi wa ntheo, wa kufunga uchumba," alisema Kavinya, akikirudisha kidole cha Muli kwenye kibonyezo. "Tukingoja huo wimbo, tutazeeka."